Mafundi 14 waliojifunza mtaani: nianze na vyeti, chuo, au mafunzo ya hapa hapa karakana?

Vyuma_Kihonda ameuliza:

Wakuu, heshima kwenu.

Karakana ni ya vyuma, ipo Morogoro: mageti, madirisha, fremu za madawati ya shule, minara ya matangi ya maji. Wafanyakazi ni 14. Tisa wanachomelea, wawili wanakata, mmoja anapaka rangi, wawili ni wasaidizi. Hakuna aliyepita chuo, wote wametokea vijiwe vya kuchomelea na magereji. Mkono wanao, ila katika kila fremu 10 za madawati, moja au mbili zinarudi kurekebishwa: zimepinda, mguu mmoja mfupi, au mshono una matundu.

Naomba msaada kwenye haya:

1. Zabuni zinadai vyeti vya mafundi. Mtu aliyejifunza mtaani anapataje cheti bila kukaa darasani miaka miwili?
2. Niwapeleke chuo kwa zamu, au niwafundishe hapa hapa? Nikiwafundisha hapa, naanzia wapi?
3. Wawili kusoma kunawasumbua, na ndio wenye mikono mizuri kuliko wote.
4. Nikishawagharamia wakahamia kwa jirani?
5. SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) tunalipa kila mwezi. Kuna namna ya kuirudisha kama mafunzo?

---

Mpimaji_Umahiri amejibu:

Mkuu, nianze na la vyeti kwa kuwa lina njia iliyonyooka kuliko watu wanavyodhani.

Unachotafuta kinaitwa urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wanafanya kazi hiyo, na Ofisi ya Waziri Mkuu imekuwa ikiugharamia kupitia Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi pale awamu zinapotangazwa. Hapo Kihonda chuo cha VETA unacho jirani, usianze kwa simu za Dar. Nenda na orodha ya mafundi, fani ya kila mmoja na miaka aliyofanya kazi, uulize dirisha lijalo la fani ya uchomeleaji ni lini.

Utaratibu kwa ufupi: fundi anajaza fomu, anaelezwa viwango vya fani yake, anajipima mwenyewe dhidi ya viwango hivyo, anakusanya ushahidi, kisha wapimaji wanamwangalia akifanya kazi na kumhoji. Pengo likionekana, anapewa mafunzo mafupi ya kuliziba, ndipo apimwe kwa mara ya mwisho. Hupimwi umekaa darasani muda gani, unapimwa unafanya nini.

Watu wanakwama kwenye ushahidi. Fundi wa miaka 15 anafika na maneno matupu. Kwa kila fundi andaa bahasha moja: picha nane hadi kumi za kazi zake, angalau tatu zikimwonesha yeye mwenyewe akiwa kazini na si geti lililokamilika peke yake, barua ya mwajiri inayotaja kazi mahususi ("amechomelea minara ya matangi kwa vyuma vya pembe vya milimita 50") na si sifa za jumla za uaminifu na bidii, nakala ya kitambulisho cha NIDA, na barua ya mteja mmoja au wawili. Hakikisha jina kwenye barua linafanana herufi kwa herufi na la NIDA. Cheti kikitoka na jina la mtaani, kamati ya zabuni haitakipokea.

Jambo la pili linaloangusha wengi ni usalama. Fundi anachomelea vizuri kabisa, lakini kaja na ndala na miwani ya jua. Mpimaji haachi hilo lipite. Buti, glavu za ngozi, kofia ya kuchomelea yenye kioo namba 10 au 11, na grainda yenye kinga yake: wazoee kuvitumia miezi miwili kabla, si asubuhi ya mtihani.

Na usiwapeleke wote tisa pamoja. Peleka watatu walio tayari, warudi waeleze wenzao kilichoulizwa.

---

Mwalimu_wa_Benchi amejibu:

Cheti ni sawa, lakini fremu zako hazirudi kwa kukosa cheti. Mtu anaweza kupimwa akafaulu, kesho akarudi kutengeneza dawati lile lile linaloyumba. Swali la pili ndilo lenye fedha zako.

Kabla hujafundisha chochote, hesabu makosa. Bandika karatasi ukutani wiki mbili, gawa safu nne: kipimo, kupinda, mshono, rangi. Kila kazi inayorudi, piga kistari kwenye safu yake. Usiandike jina la fundi, la sivyo makosa yatafichwa na karatasi itabaki safi. Mara nyingi safu moja au mbili ndizo zinazojaa, na hizo ndizo unazifundisha kwanza. Wenye karakana wengi hufundisha wanachokipenda wao (kwa kawaida mshono) wakati hasara iko kwenye kukata.

Halafu chora jedwali la ujuzi. Majina yashuke upande wa kushoto, kazi juu: kusoma mchoro, kukata, kupanga fremu, kuchomelea bomba jembamba, kuchomelea bamba nene, kuchomelea wima. Kwenye kila kisanduku chora duara lenye robo nne. Robo moja: ameoneshwa. Mbili: anafanya akiangaliwa. Tatu: anafanya peke yake. Duara zima: anaweza kumfundisha mwenzake. Ukimaliza utaona safu ambayo ina mtu mmoja tu mwenye duara zima. Akiugua huyo, kazi inasimama. Anzia hapo.

Sasa namna ya kufundisha. Kuna utaratibu wa zamani uliotengenezwa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, ulioitwa TWI (Training Within Industry, yaani mafunzo ndani ya kiwanda), pale viwanda vilipojaa watu wasiowahi kushika mashine. Wajapani waliuchukua baada ya vita na hadi leo umo kwenye viwanda vyao. Msimamizi alifundishwa kufundisha kwa vipindi vitano vya saa mbili mbili, basi. Hatua ni nne: mwandae mtu, mwoneshe kazi, mwache ajaribu, mfuatilie. Na kanuni yake haina huruma: mwanafunzi asipojua, mwalimu hajafundisha.

Siri iko kwenye maandalizi. Kabla ya kumwonesha mtu, vunja kazi vipande kwenye karatasi moja, safu tatu: hatua, jambo la kuangalia, kwa nini. Chukua fremu ya dawati ya bomba la mraba la milimita 25, ukuta milimita 1.5:

Hatua ya kwanza, safisha ncha. Jambo la kuangalia: ondoa rangi, mafuta na kutu milimita 20 kutoka kila ncha. Kwa nini: vikiungua vinatoa gesi, gesi inanaswa ndani ya mshono, ndiyo matundu yako hayo.

Ya pili, panga mezani na upime mshazari zote mbili, kona hadi kona. Zikipishana zaidi ya milimita 2, fremu si mraba, hata kama kona moja inakubali skwea.

Ya tatu, shikiza kona zote nne kwa nukta fupi za milimita 5 hadi 10, kisha pima mshazari *tena*. Hapa ndipo wengi wanaruka. Nukta ya kwanza ikipoa inavuta chuma. Fremu iliyopinda katika hatua hii inanyooka kwa kugonga nyundo mara moja, ikishachomelewa yote utatumia nusu saa na grainda.

Ya nne, chomelea kona moja, ruka hadi inayotazamana nayo kimshazari, kisha zilizobaki. Ukienda kwa kuzunguka, joto linarundikana upande mmoja na fremu inajikunja kama karatasi juani. Rodi ya E6013 ya milimita 2.5, anzia ampea 60 na upandishe kidogo kidogo, kwa sababu bomba jembamba linatoboka. Umbali wa ncha ya rodi na chuma usizidi unene wa rodi yenyewe.

Ya tano, gonga gamba (ganda gumu linalofunika mshono), piga brashi ya waya, kagua kwa macho kabla hujaipitisha kwa wa rangi.

Hatua tano tu. Zikizidi saba, igawe kazi mara mbili ufundishe siku mbili.

Ukifundisha, fanya mara tatu mbele yake: ya kwanza ukitaja hatua tu, ya pili hatua na jambo la kuangalia, ya tatu na sababu. Kisha afanye yeye kimya. Kisha afanye akisema kwa mdomo hatua na sababu. Asipoweza kutaja sababu, bado hajaelewa, ameiga tu. Chuma kikibadilika unene atakwama.

Muda: dakika 40, saa moja na nusu asubuhi, mara tatu kwa wiki. Usifundishe saa kumi na moja jioni, mtu mzima aliyeshika grainda siku nzima hasikii kitu. Na mwalimu mmoja kwa wanafunzi wasiozidi wawili kwa kazi ya mkono.

Chuo kina nafasi yake, lakini kwa mtu mmoja: msimamizi wako. Hapo Morogoro kuna Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi. Ulizia kama wana kozi fupi ya kufundisha mahali pa kazi. Fundi hodari asiyejua kufundisha atawapigia kelele tu.

---

JuaKali_Nakuru amejibu:

Ndugu zangu, salamu kutoka Kenya. Nitaongeza moja kuhusu ada ya mafunzo kwa sababu huku mambo ni tofauti, na watu wenye matawi pande zote mbili hujichanganya.

Huku mwajiri hulipa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 za Kenya kwa kila mfanyakazi kila mwezi. Ukimfundisha mfanyakazi unaweza kuomba kurudishiwa sehemu ya gharama. Makosa ya kawaida ni mawili: mtu hufundisha kwanza halafu ndiyo anaomba, na mkufunzi aliyemtumia hajasajiliwa na NITA. Ombi huja *kabla* ya mafunzo. Ukishamaliza bila idhini, hizo pesa zisahau.

Kwa fundi wa jua kali kuna mtihani wa ufundi wa NITA, gredi ya tatu kwenda ya kwanza, na pia utambuzi wa ujuzi wa awali chini ya KNQA, mamlaka ya sifa za kitaaluma ya Kenya. Gredi ya tatu ndiyo ya kuanzia. Usimruhusu fundi aende moja kwa moja gredi ya kwanza kwa sababu ya maringo, maswali ya michoro humwangusha.

---

Mikataba_na_Makato amejibu:

Kwa Tanzania Bara, SDL si akiba ya mwajiri. TRA inaikusanya pamoja na PAYE (kodi ya mishahara), ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha, na hakuna dirisha la kudai ulichotumia kufundishia. Tangu 2021 inamhusu mwenye wafanyakazi 10 au zaidi, kwa hiyo wewe wa 14 umo. Kiwango kimeshushwa mara kadhaa, angalia kilichomo kwenye Sheria ya Fedha ya mwaka huu, usinakili cha mwaka juzi. Namna ya kufaidika nayo ni kutumia kile inachogharamia: kozi fupi za VETA na nafasi za urasimishaji na uanagenzi zinapotangazwa.

Kuhusu kuondoka. Kushikilia cheti cha mfanyakazi kabatini hakufai kabisa, cheti ni mali yake. Kinachofaa ni makubaliano ya maandishi yaliyosainiwa kabla ya mafunzo, yenye deni linalopungua. Mfano: umelipa 600,000 kwa mtu mmoja, mmekubaliana miezi 12. Kila mwezi anaofanya kazi unafuta 50,000. Akiondoka baada ya miezi 7, kilichobaki ni 250,000. Weka risiti za gharama halisi: ada, nauli, vifaa. Usiweke "faini ya kuvunja uaminifu", haina mashiko. Na kumkata mshahara bila ridhaa yake ya maandishi ni kugongana na kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004.

Jambo lingine linasahaulika. Mafunzo unayoyalazimisha ni saa za kazi. Sheria inaweka saa 45 kwa wiki. Ukiwaita Jumapili, hayo ni malipo ya siku ya mapumziko. Dakika 40 za asubuhi alizosema Mwalimu_wa_Benchi ziingie ndani ya zamu, hutadaiwa kitu.

Tena, mikataba haizuii watu kama mshahara unavyozuia. Funga jedwali lile la maduara na malipo: kila duara zima linaongeza kiasi kinachojulikana, kimebandikwa ukutani. Fundi anayeona ngazi inayofuata ni ya shilingi ngapi hahami kwa ahadi ya jirani.

---

Kisomo_Hai amejibu:

Hao wawili wasiosoma vizuri msiwaache nyuma, na msiwatangaze.

Nchi hii ilishalifanya jambo hili kwa ukubwa. 1970 ulikuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na 1973 Waziri Mkuu akatoa agizo la elimu ya wafanyakazi mahali pa kazi. Kilichofanya kisomo chenye manufaa kishike ni kwamba mtu alisoma kuhusu pamba yake au mifugo yake, si "baba ana kuku". Kwenu pamba ni futi kamba.

Anza na namba, kwa wote tisa pamoja, ili wale wawili wasionekane. Somo la kwanza: bomba ni milimita 6,000, miguu ya dawati ni milimita 750. Inatoka mingapi? Wote watasema minane. Sasa waulize diski inakula kiasi gani. Ile kubwa ya milimita 355 hula takriban milimita 3 kila ikikata. Miguu minane ni mikato saba, milimita 21. Mguu wa nane unabaki 729. Hilo ndilo dawati lako linaloyumba, na pengine safu ya "kipimo" kwenye karatasi ya ukutani itapungua kwa somo hilo peke yake. Toa miguu saba, kipande kinachobaki, milimita 729, kiende kwenye kazi fupi.

Somo la pili: inchi na milimita. Inchi moja ni milimita 25.4, nusu inchi ni 12.7. Mafundi wengi wanasoma upande mmoja wa futi kamba na mteja anataja upande mwingine. Amueni karakana nzima itumie milimita, na mchoro wowote wa inchi ubadilishwe ofisini kabla haujashuka.

La tatu ndiyo herufi: maandishi ya pakiti ya rodi, alama za mchoro, jina lake na la fani yake kwa ajili ya ile fomu. Maneno 30 hadi 40 ya karakana yanatosha kuanzia. Kadi za hatua tano alizoeleza Mwalimu_wa_Benchi ziwe na picha, mpige kwa simu mkononi mwenu, ncha safi na ncha chafu kando kwa kando.

Akitaka kwenda mbele zaidi, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina vituo mikoani. Mwelekeze faragha. Mtu mzima akiitwa mbele za vijana aambiwe aende kisomo, hatarudi hata kazini.

---

Vyuma_Kihonda ameuliza tena:

Asanteni sana. Nimeanza na karatasi ya ukutani. Swali moja: nitajuaje mshono umeshika ndani bila mashine ya kupima? Kwa macho yote yanaonekana mazuri.

---

Mwalimu_wa_Benchi amejibu:

Vunja. Chukua vipande viwili vya bamba, unene milimita 6 au zaidi, ukubwa kama 75 kwa 150. Visimamishe umbo la T, fundi achomelee upande mmoja tu. Kipoe chenyewe, kisimwagiwe maji. Banisha kipande cha chini kwenye jiliwa, kile kilichosimama kigonge kwa nyundo kubwa kielekee upande wenye mshono hadi kilale au kivunjike. Kikilala bila kuvunjika, vizuri. Kikivunjika, angalia ndani: mstari mweusi wa gamba kwenye kona maana yake rodi ilikwenda polepole mno au gamba la kwanza halikugongwa, matundu ni uchafu au unyevu wa rodi, na ukiona makali ya bamba bado yamenyooka kama yalivyokatwa, chuma hakikuyeyuka kabisa, ampea zilikuwa chini au mwendo wa haraka.

Kwa bomba jembamba kipimo hicho hakifai. Kata kona kwa msumeno wa mkono katikati ya mshono, lainisha uso kwa msasa mpaka ung'ae, utaona kama mshono umeshika kuta zote mbili au umekaa juu kama nta. Kona moja kwa kila fundi kwa mwezi inatosha. Mwenyewe aikate, mwenyewe aitazame.

Kama mtatumia E7018 kwenye minara ya matangi, rodi hizo zinanyonya unyevu. Pakiti iliyofunguliwa wiki mbili karibu na pipa la maji hairekebishiki kwa kuianika juani, inataka oveni ya nyuzi 300 hadi 350 kwa saa moja au mbili. Kama oveni hamna, nunueni pakiti ndogo ndogo na mmalize siku hiyo hiyo.